Dawa Isiyopatana na Maji

Dirisha la dawa halijafunguliwa, lakini Mama Shira ameshainamia bilauri yake. Anatia unga mweupe kidogo kwenye maji, anakoroga. Unga unaelea tu, wala haujali.

"Umeona? Hii na maji hawasalimiani," anasema akicheka.

Anaanza upya. Safari hii unga unatangulia kwenye spiriti ya dawa na gliserini, unayeyuka mpaka hauonekani. Maji yanafuata kidogo kidogo, kwa kipimo. Yakizidi, unga hujitenga tena.

Jina la Mama Shira, yaani mama wa dawa tamu ya maji, ni la utani, alilopewa na wenzake hospitalini, anakotengeneza dawa za maji kwa watoto wasioweza kumeza vidonge. Miaka kumi na minne sasa. Mwulize anamshukuru nani katika kazi hii. Hataji bosi hata mmoja. Anamtaja bibi wa mgonjwa.

Mjukuu wa bibi huyo ana kifafa, naye hutumia dawa ya unga huohuo. Alikuwa ametulia, kisha akaanza kuanguka tena. Daktari alikuwa karibu kumwongezea dozi, wakati bibi alipokwenda dirishani na chupa yake.

"Mwanangu, nisikufiche," alimwambia Mama Shira. "Ilikuwa inamchoma koo, analia. Nikaiongezea maji ya kuchemsha."

Mama Shira aliinua chupa kwenye mwanga. Chini palikuwa na chembe nyeupe zimetuama. Maji ya bibi yalikuwa yameitenga dawa: juu mtoto alikunywa dawa hafifu, na ile kali ilikuwa ikimsubiri chini.

Anakumbuka hatari iliyokuwapo. "Angeona haya akanyamaza, tungeongeza dozi, halafu mtoto afike chini ya chupa. Tungempoteza. Yule bibi namshukuru mpaka leo."

Mtoto alipewa chupa mpya, na hajaanguka tena. Bibi naye ana shukrani zake.

"Nilijua nitagombezwa," anasema. "Akaniambia, 'Asante, mama, kwa kuniambia.' Nililia pale pale."

Tangu hapo Mama Shira na mfamasia wake wanatafuta mchanganyiko wenye spiriti kidogo na gliserini zaidi, ambayo ni tamu na haichomi. Wa kwanza ulitoa chembe ukiwa rafuni. Wa pili vilevile. Wa tatu bado ni mwangavu, nao unasubiri majibu ya maabara.

Je, si rahisi zaidi kuwakataza watu kuongeza maji?

"Tunawakataza," anajibu. "Lakini bibi humkatazi kumhurumia mjukuu wake. Dawa yangu ndiyo ijirekebishe."