Bi Pini na Shubiri ya Mlangoni

Shangazi yangu, aliyetulea mimi na dada, alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Bi Pini kwa sababu pini zake hazikukaa kwenye kikebe kama za mafundi wengine. Zilikaa mdomoni. Alizibana kwa midomo, akapima, akakunja, akachomeka, na papo hapo akasengenya. Ukimwona kazini ungedhani kameza nungunungu, mkia ukamshinda.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na kwenye kona pasi ya mkaa aliyokataa kuistaafisha hata umeme ulipokuja. Nje, ubavuni mwa kizingiti, palikuwa na kopo kuukuu la rangi lenye shubiri iliyonawiri kuliko sisi watoto wa nyumba. Pasi na shubiri vilikuwa mume na mke: mmoja anaunguza, mwenzake anapoza.

Hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi, kidole changu kinajikunja chenyewe. Ukiungua kwa Bi Pini, kwanza mkono ulikaa kwenye beseni la maji mpaka ukome kulia. Wakati huo yeye anakata jani la chini, lile nene, analisimamisha ndani ya glasi, mkato chini, utomvu wa njano uchuruzike wote. Hapo ndipo alipolimenya na kukupaka ule ute mweupe wa katikati, unaoteleza kama kamasi na kupoza kama kivuli.

"Huo wa njano ni shetani," alisema kwa pembe ya mdomo, pini zikicheza. "Ngozi unaiwasha. Tumboni unafungua kila mlango."

Tena hakukata jani bila kuuliza: "Ya kupaka au ya kunywa?" Ukisema ya kupaka, unapata jani. Ukisema ya kunywa, unapata maneno.

Siku moja mteja mjamzito alimlilia. "Bi Pini, nimefunga choo wiki nzima. Nikatie hata kajani kadogo."

"Na tumbo hilo? Mwanangu, unataka choo, au unataka kuzalia kwenye meza yangu? Nenda kliniki."

Yule mama alinuna, akabeba kitambaa chake akaondoka. Alirudi baadaye, mtoto mgongoni, kitambaa kilekile mkononi. Na jirani yetu mpishi alipomwagikiwa mafuta ya moto mkono mzima, Shangazi hakugusa hata kisu. "Hilo si la kopo langu, hilo la hospitali. Twende."

Basi Shangazi huyohuyo ndiye aliyekuja kuinywa.

Mwaka dada yangu alipochumbiwa, kliniki ilimkuta Shangazi na sukari, wakampa vidonge. Kufa hakukumtisha, kilichomtisha ni macho. Alishasikia kwamba sukari hula macho, na gauni la harusi la dada lilikuwa bado satini nyeupe ndani ya karatasi. Alimwahidi gauni hilo tangu dada yuko darasa la kwanza, na kibogoyo.

"Nikipofuka nitashona nini?" aliniuliza. "Magunia?"

Wiki zile alianza kukimbilia chooni. Nikamwambia, "Shangazi, naona umejiunga na timu ya riadha."

"Maharage," alijibu. "Na wewe Nusu Mfamasia, nyamaza." Nusu ni kwa ajili ya stashahada yangu ya famasia, niliyoiacha njiani. Katika nyumba yetu kila mtu alipewa jina analolistahili.

Alasiri moja dada alisimama juu ya kigoda akijaribishwa gauni, Shangazi amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni kama kawaida. Mara zile pini zikaanza kutetemeka. Ti, ti, ti. Jasho likamchuruzika hadi kidevuni.

"Shangazi, tema pini."

Alinitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikazitoa moja moja, dada amemshika mabega. Nikakoroga chai, sukari mpaka kijiko kikataka kusimama.

"Unataka kuniua?" sauti yake ilikwaruza. "Mimi nina sukari!"

"Ulikuwa nayo. Sasa imeisha. Kunywa!"

Akanywa. Katika kuinuka akaigonga kwa kiwiko glasi iliyofichwa chini ya meza, na maji ya kijani na njano yakaruka juu ya satini.

Dada akainama, akanusa. Akageuka kutazama mlangoni, kwenye kopo la shubiri.

Kliniki, muuguzi alimtoboa kidole. Mwanamke aliyedungwa na sindano maisha yake yote akapiga yowe kama anachinjwa. "Mama," muuguzi akauliza, "zaidi ya vidonge, kuna kitu kingine unatumia? Hata cha mitishamba?"

"Mimi? Maji na sala."

Dada akaangalia dari. Mimi nikamwinamia. "Shangazi. Ya kupaka au ya kunywa?"

Alinitupia jicho la kukausha nguo. Kisha mabega yakashuka.

"Ya kunywa," alisema. "Jani zima, na maganda yake. Dawa ya moto ni moto. Nikasema basi dawa ya kitamu ni kichungu. Nataka kumwona mwanangu amevaa gauni lake."

Muuguzi hakucheka. "Vidonge vinashusha sukari, mama. Shubiri nayo inaweza kushusha. Na unaharisha, chakula hakikai. Macho yako yanataka sukari itulie, siyo izame. Acha hiyo glasi. Kula kwa wakati, meza vidonge, uje tupime."

Alinuna njia nzima. Lakini aliacha, na mbio za chooni zikaisha.

Doa ndilo lililogoma. Sabuni ilishindwa, na kitambaa cha kubadilisha hakikuwepo. Shangazi akalikunjia ndani ya pindo, akashona gauni zima kwa macho yake, akitunga sindano mwenyewe na kumfukuza yeyote aliyejaribu kumsaidia. Siku ya harusi alikaa mbele kabisa, mdomo mtupu, nusura tusimtambue.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akitunga sindano mwenyewe. Chumba chake sasa ni saluni ya kunyolea. Gauni liko kabatini kwa dada. Nikienda kumtembelea hulitoa, tukageuza pindo, tukaliangalia lile doa la njano, dogo kama kifungo cha shati.

Dada hataki lipelekwe kwa dobi.