Siku nilopiga hodi Maskati nikajibiwa "karibu"

Wakuu wa benchi la nyuma, salaam aleikum.

Uzi umenifikia mzima kutoka kwa Mbarouk wa Mombasa, ila karatasi zake mbili zina mafuta ya mahamri. Nimemwomba mama sindano, hii yangu naishona leo leo kabla hamu haijaniisha.

Kwa bwana wa posta atakayefungua bahasha hii kwa udaku: hatuna siri. Sisi ni watoto wa darasa moja la Unguja. Tulipotawanyika baada ya mambo ya mwaka ule, tulikubaliana kila mmoja aandike karatasi yake, aishone kwa uzi nyuma ya ile ya mwenzake, aupeleke mbele. Ndiyo maana tunauita uzi. Soma, cheka, ufunge vizuri.

Naapa nitasema kweli tupu.

Nnajua viapo vyangu mnavijua. Lakini huku nilipo hata wa kumdanganya sina. Uongo umenikauka mdomoni.

Basi.

Mnanijua mie. Mie ndiye niliyetolewa nje ya darasa kwa kosa la kumchekesha mwalimu. Si wanafunzi, mwalimu mwenyewe! Haji ni shahidi, alicheka mpaka akatolewa na yeye.

Huku Matrah nimekuwa bubu.

Tatizo ni Kiarabu. Kule Unguja tulikuwa tukijiita Waarabu, si ndivyo? Nimefika kwa Waarabu wenyewe nikaambiwa mie Zinjibari. Kiarabu nnachokijua ni kile cha chuoni, cha kukariri Kurani huku ukiogopa bakora. Siku ya kwanza skuli nilitaka mwenzangu asogee kidogo kwenye mkeka. Nikamwambia maneno ambayo, nilivyokuja kufahamishwa, ni sawasawa na "Ewe mja, jongea!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo jina langu Khatibu, kama yule wa mimbari ya Ijumaa.

Kwa hiyo kuchekwa nimechekwa sana, wakuu. Lakini kuchekwa na kuchekesha ni vitu viwili. Muulizeni aliyewahi kuvifanya vyote.

Mambo yakafika pahala nyumbani pia nikawa sisemi. Mama akaanza kunigusa paji la uso kuona kama nina homa. Ami Seif, ndugu yake baba tunayekaa kwake, akasema kijana anakua, anapata akili. Hilo ndilo lilonitisha khasa.

Ijumaa moja wenzangu wa skuli wakasema watanipeleka Maskati, nikauone mji. Matrah na Maskati ni miji miwili, kilima kimoja katikati, na mie tangu kushuka melini nilikuwa sijavuka.

Nikaweka nadhiri. Leo kabla hatujarudi, lazima nimchekeshe mtu mmoja. Mmoja tu, kwa kichekesho changu mwenyewe. Nikishindwa, basi mzaha nauacha moja kwa moja, niwe mtu mzima wa kutikisa kichwa kama Ami Seif.

Msicheke. Nilikuwa sitanii.

Tulikuwa watano. Kiongozi Masoud, monita wetu, mzaliwa wa Matrah, mdomo kama wembe. Wawili wengine kazi yao ni kucheka Masoud akicheka, siwapi majina. Na Khalfan, ametoka Qurayyat kwa wavuvi huko, mkimya, akikusalimia unadhani anakuomba radhi.

Njia inapanda kwenye mawe matupu. Hakuna mti, hakuna hata jani la kumpa mbuzi matumaini. Mbuzi wa huku wanakula dagaa wakavu, wallahi. Nimewaona kwa macho yangu. Nikimkumbuka mbuzi wa bi mkubwa wa Haji alivyokuwa akichagua majani, naona yule alikuwa sultani.

Tukavuka, tukaiona Maskati.

Wakuu, mji umekaa kwenye mfuko wa majabali meusi, ngome moja huku, ngome moja kule, bahari katikati. Mlangoni kuna lango kweli, na askari. Masoud akaniambia usiku mzinga ukipigwa lango linafungwa, na ukitembea bila taa ya mkononi unakamatwa.

"Na wewe Khatibu ukikamatwa," akasema, "utawasomea hotuba mpaka wakuachie."

Wale wawili wakacheka. Kazi yao.

Sasa, juu ya majabali ya bandarini mabaharia wa meli zinazopita wamepaka majina ya meli zao kwa rangi nyeupe, maherufi makubwa kama nyumba. Ni ya Kizungu. Wenzangu hawakijui Kizungu. Mie nilisomeshwa na hedmasta wetu kwa bakora na jasho.

Nikaitafuta kwanza meli iliyonileta mie. Haipo.

Ndipo nikaiona nafasi yangu. Masoud akauliza, "Pale pameandikwa nini?"

Nikakunja uso, nikasoma polepole kama mtu wa serikali, nikamfasiria: "Jihadharini na Masoud."

Nikangoja kicheko.

Masoud akalitazama jabali. Akalitazama sana. Kisha akaniuliza, "Nani kaandika?"

Nikamwambia mabaharia.

"Wamenijulia wapi?"

Yakhe, kichekesho kimekufa mbele yangu nakiona. Nikajaribu kufahamisha kuwa ni mzaha, lakini neno la mzaha kwa Kiarabu sikulipata. Nililolipata, Khalfan aliniambia baadaye, maana yake ni "mzushi". Kwa hiyo nikawa nimemwambia Masoud mbele ya watu kuwa yeye ni mzushi.

Akanuna. Tukatembea kidogo ndani ya mji, akanambia, "Ngoja hapa, twaja." Wakakata kona. Khalfan aligeuka nyuma mara moja, halafu na yeye akakata.

Nikangoja penye kivuli cha ukuta. Wachukuzi wa maji wakapita na madebe yao, wakarudi yakiwa matupu, wakapita tena yamejaa. Nilianza kujuana nao kwa sura.

Hawakuja.

Nikajiambia naujua upepo wa bahari, nitaufuata mpaka langoni. Vichochoro vya Maskati havijali upepo, wakuu. Kuta ndefu, milango imefungwa, mchana wa jua kali watu wamelala. Nasikia viatu vyangu tu. Hata paka alinitazama akaona sina maana, akafumba macho.

Koo imekauka. Nikafika penye mlango ulio wazi kidogo, pazia limening'inia. Nikatafuta Kiarabu cha kuomba maji. Kikanijia kile cha "Ewe mja". Nikaona hapana, bora nife na kiu.

Mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema kama unavyosema kwenye kila mlango wa Unguja: "Hodi! Hodi!"

Na ndani sauti ya bibi ikajibu: "Karibu, karibu."

Nikasimama. Nikafikiri jua limenipiga.

Nikaingia uani. Bibi mkongwe kakaa kwenye jamvi, dele la kahawa mbele yake, sahani ya tende. Akanipa maji kabla sijaomba. Nikanywa mpaka nikatoka machozi. Akanioneshea pa kukaa, akaniuliza: "Habari?"

Wakuu!

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza habari nje ya nyumba yetu. Nikampa habari. Nikampa zote!

Nikamwambia baba kabaki Unguja, anasema atakuja, na kila meli ikitia nanga mie nakwenda kuhesabu vilemba. Nikamwambia huku hakuna mkate wa boflo. Nikamwambia naota mvua, nikiamka nasikiliza bati, hakuna bati wala mvua. Nikamwambia naitwa Khatibu na jina langu mwenyewe linaanza kunipotea.

Akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Maskini."

Basi nikaona bibi wa watu nimemtia huzuni, na kazi yangu mie si hiyo. Nikainuka, nikamwonesha hedmasta wetu anavyoshuka baskeli. Mnakumbuka? Mguu mmoja umekwama juu, tumbo limetangulia, anashuka kama anayeshuka mnazi, na bado anataka tumwamkie kwa adabu. Nikafanya na sauti ya kengele. Nikaanza kucheka mwenyewe kabla sijamaliza, kosa la mchekeshaji mchanga.

Bibi akacheka.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikakaa chini nimelowa jasho, nimefurahi kama mtu aliyeteremka melini mara ya pili, sasa bandari ya kwao.

Nadhiri imetimia. Nikala tende.

Ndipo nje nikasikia: "Hood! Hood!"

Alikuwa Khalfan. Amewaacha wenzake, kapita kichochoro baada ya kichochoro, kaisikia sauti yangu. Nikamwambia kwa fahari, bibi huyu ni wetu, anasema Kiswahili.

Khalfan akamwuliza. Nnakufasirieni mazungumzo yao.

"Mama, unajua maneno ya Zinjibari?"

"Mie? Wala neno. Sijavuka Matrah tangu niolewe."

Nikabisha. Nikasema alinambia karibu! Khalfan akanifahamisha taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. "Hood" ndivyo wanavyobisha mlango na wao. Alisema *qarrib*, sogea, ingia. Aliniuliza *akhbar*. Akanambia *miskin*.

Maneno yote yalikuwa ya kwake. Mie niliyasikia yangu.

Nikamwambia Khalfan amwulize, basi alikuwa akicheka nini?

Bibi akamimina kahawa, akanisogezea kikombe, akasema kwa Khalfan huku ananitazama mie:

"Mgeni yumo nyumbani mwangu anacheka peke yake. Nimwache?"

Nikakipokea kikombe, nikanywa.

Langoni tukawakuta wengine. Masoud akasema, "Khatibu, ulikuwa unakhutubu msikiti gani?" Wawili wakacheka. Tukarudi Matrah.

Njiani Khalfan akajivuta nyuma, tukawa sambamba. Akasema bibi kamwambia kuna kitu nilikifanya kwa mguu, nimwoneshe. Nikamwonesha, pale pale kilimani, hedmasta na tumbo na kengele. Khalfan akatazama kwa makini sana.

Kisha akauliza, "Baskeli ni nini?"

Nyumbani nikapiga hodi. Mama akajibu karibu, ile yenyewe. Akaniuliza, "Habari za Maskati?"

Nikamwambia nzuri.

Sijui kwa nini. Bibi nisiyemjua nilimmwagia kila kitu, mama nikampa neno moja. Labda kwa sababu mama angefahamu.

Funzo nililolipata, mpende msipende: mtu akikwambia karibu, hakikisha kasema kwa lugha gani kabla hujamweleza habari za baba yako.

Sasa nataka hukumu. Nadhiri ilikuwa nimchekeshe mtu mmoja. Bibi kacheka, lakini alinichekea mgeni nisicheke peke yangu, hakucheka kichekesho. Inahesabika, haihesabiki? Mbarouk, ulikuwa ukijifanya kadhi wa benchi, kata kesi. Haji na wengine, msije na "pole", pole ninazo. Njooni na maneno. Mkisema haihesabiki, ntaanza kutikisa kichwa na Ami Seif keshokutwa.

Nimeacha uzi mrefu hapa chini, wa kutosha kushonea karatasi zenu zote.

Na jamani, kila mmoja kabla hajaandika jengine lolote, aanze na lile jibu. Lile letu. Mnalijua.

Haya, nimesimama mlangoni.

Hodi, wakuu.