Bi Biubwa Hajala

Mtaani kwetu Bagamoyo hapakuwa na ajuza aliyependwa kama Bi Biubwa. Ujanani alikuwa mpishi wa harusi, na hapana nyumba iliyokuwa haijaonja pilau lake. Lakini mwaka 1951, baada ya kufiwa na mumewe, neno lake moja nusura livunje ndoa ya watu.

Kila aliyemwuliza, "Umekula, bibi?" alijibiwa, "Sijala, mwanangu." Basi majirani, midomo haina pazia, wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni Mardhiya, mke wa mwanawe. Mimi nilikuwa nachukia! Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa makuti tu, na kila siku nilimwona Mardhiya akimpelekea mavyaa wake chakula chumbani, kimefunikwa kawa. Sahani zilirudi tupu.

Habari zikamfikia Mwanajuma, bintiye Bi Biubwa aliyeolewa Pangani. Akaja amepandisha mori, hata buibui hakuvua.

"Wifi, mama yangu unamshindisha njaa?"

"Haki ya Mungu, wifi, anakula."

"Mwenyewe anasema hajala! Mtu mzima yule atasema uongo?" Akamgeukia kaka yake, Msabaha. "Mwache mke huyu, au mama naondoka naye leo hii."

Msabaha, bwege yule, akainamisha kichwa. Mardhiya akaanza kulia.

Sikungoja kukaribishwa. Nikazunguka ua, nikaingia kwa Bi Biubwa na wao wote nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana mchana uliletewa nini?"

"Wali na kolekole wa nazi. Mkono wa Mardhiya mtamu, mashallah."

"Ukaufanyaje?"

"Nikaumaliza."

Mwanajuma akadakia. "Sasa mama, mbona unasema hujala?"

"Peke yangu chumbani, sina hata wa kumwambia karibu, huko ndiko kula? Kula ni kwenye sinia, na watu. Tangu afe baba yenu mimi najaza tumbo tu."

Kumbe! Mardhiya alimtengea kwa heshima, kama alivyofunzwa kwao Zinga: mkwe hachanganywi sinia moja na mkamwana na watoto. Na sisi tulimwuliza bibi swali lile lile kila siku, tukalichukua jibu, tukaenda nalo barazani kusengenya. Niliona haya kwa niaba ya mtaa mzima.

Adhuhuri ile ukatandikwa mkeka ukumbini, likaletwa sinia moja. Bi Biubwa akakaa kati ya bintiye na mkamwana wake. Alikula kidogo kuliko alivyokula chumbani, kwani maneno yalikuwa mengi kuliko matonge, na kila mnofu wa samaki alioupata aliusukuma upande wa Mardhiya.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Umekonda kwa ajili yangu."