Mbuzi Wasio na Vichwa

Harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ya mkaa bado hunirudisha kwenye kibaraza chetu mtaani Isevya, miaka ile ya Ujamaa, baba akishona na mimi nikisubiri pasi ipoe. Makaa yaliyozimika yalikuwa haki yangu. Kwa makaa hayo nilichora mbuzi ukutani, tena wenye ndevu, hadi siku baba aliporudi kutoka msikitini akawaona.

"Mwanangu, siku ya kiyama utaambiwa uwatie roho hawa. Utaweza?"

"Nikiwakata vichwa je, baba?"

Aliketi kwenye cherehani, akafikiri, pini mdomoni. "Bila kichwa, sawa. Hiyo ni nyama tu."

Tukapatana. Tangu hapo kila kiumbe nilimchora hadi shingoni: kuku, punda, wauza asali wa Sikonge juu ya baiskeli zao. Nilijiona nimepata faida, maana vichwa ndivyo vilivyokuwa vikinishinda.

Kisha mwalimu akatuambia tuchore wanakijiji wa ujamaa wakilima. Nikachora safu nzima, majembe juu, shingo tupu. Majembe niliyahesabu mara mbili, yasije yakawa machache kuliko watu.

"Kumbe wanakijiji hawana vichwa?" mwalimu aliuliza. Darasani hakucheka mtu. Enzi hizo swali kama hilo lilikuwa zito: ni kama kuulizwa iwapo unaukejeli Ujamaa. Baba akaitwa.

"Kosa langu, mwalimu," alisema, vipande vya uzi bado vimemganda begani. "Vichwa nimekataza mimi."

"Basi mzee, ama achore watu kamili, ama aache."

"Ataacha."

Baba, ambaye hakukubali bei ya kwanza hata ya fungu la mchicha, aliikubali ile. Njiani alinibebea mkoba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jioni akaupaka ukuta chokaa.

Nimeuza vitambaa miaka mingi, nimezozana na wateja mpaka koo limechakaa. Sasa nimerudi kuchora. Pasi yangu ni ya umeme, kwa hiyo makaa namwomba mama ntilie wa jirani. Zamani ukuta ulijaa kabla ya adhana ya alasiri. Leo sikio moja la mbuzi linanimalizia mchana, na akikamilika anafanana na meza. Juzi nimemchora baba, marehemu sasa, yuko kwenye cherehani yake, amenipa mgongo. Kichwa nimekiweka, na kofia juu yake. Uso, hapana. Hapo mimi na baba bado tunavutana.