Kadi za Larysa Hazichanganywi

Dada yangu Larysa alikuwa akisomea uuguzi, na somo la mwili lilishamwangusha mara moja. Ukianguka mara ya pili unaondolewa chuoni. Hakulia. Alinunua kadi nyeupe na kalamu za rangi, akaja nyumbani na basi la Ijumaa, akakaa kwenye meza ya jikoni.

Kitabu chake alikuwa amekipaka kalamu ya njano kila ukurasa. Bibi alikifunua akauliza, "Sasa yasiyo muhimu yako wapi?"

"Yote muhimu, Bibi."

Mimi nilishika kadi. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma najua. Upande huu swali, upande wa pili jibu. Nikiinua tu, kabla sijafungua mdomo, Larysa ameshajibu. "Insulini." "Figo." "Mapafuni." Anaitupia kadi jicho mara moja, anarudi kutazama theluji dirishani. Sauti ni ile ile, kama mtu anayetaja vituo vya basi.

Alikuja na Brynn, mwenzake wa chumba huko chuoni. Brynn hana kadi. Yeye husimama mbele ya friji na kulifundisha, mikono ikienda huku na huku, eti hapa damu inaingia, hapa inatoka. Akikwama anafungua kitabu, kisha anaanza upya.

"Wee Brynn, friji limeelewa?" Larysa akamuuliza.

"Limekupita wewe, mwenzangu. Angalau lenyewe linanguruma."

Jumapili mchana Bibi alikuwa akihamisha sufuria ya supu ya bitiruti, kiwiko kikapiga kadi. Zikamwagika sakafuni zote. Nikaziokota zilivyokuja, nikainua moja.

Larysa akainama kuikagua kona zake.

Nikamsomea: "Kwa nini mgonjwa wa moyo huvimba miguu?"

"Hiyo inakuja baada ya ipi?"

"Sijui. Zimechanganyika."

"Lary, hilo ni swali tu," Brynn akasema.

"Najua ni swali."

Nikainua nyingine, yenye doa la chai. "Insulini," akajibu hapo hapo. Yenye kona iliyokunjika: "Figo." Iliyokuwa safi, haina alama yoyote, akaikodolea macho tu. Nikaelewa kwamba alikuwa anazijua kadi, majibu hayajui. Nadhani na yeye alielewa wakati ule ule.

Brynn akavuta kiti. "Achana nazo bwana. Njoo unieleze moyo, huo moyo tu. Mtihani ni Jumanne, muda upo."

Larysa alizitazama zile kadi mkononi mwangu.

"Nikianza kuelewa leo, sitamaliza," akasema.

Akaketi sakafuni, akaanza kuzipanga upya, moja moja, kwa madoa na kwa kona na kwa rangi ya wino. Brynn akarudi kwa friji lake, safari hii akisema kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa amepandisha miguu kwenye kigoda, soksi zimemkata vifundoni. Mchana wote uliishia hapo. Perogi, vile vitumbua vya viazi alivyochemsha Bibi, zilipoa mezani.

Jumanne maswali mengi yakatoka kwenye mitihani ya nyuma, ile ambayo wanafunzi hupeana, na ambayo Larysa alitengenezea kadi. Matokeo yalipotoka akapiga simu.

"Nimepita. Kidogo tu, lakini nimepita."

"Hongera, dada!"

"Mm. Mmepika nini?"

Ijumaa iliyofuata alikuja. Bibi alimkumbatia, akamlisha, kisha akanyoosha miguu mbele yake. "Haya, muuguzi wangu. Hii kwa nini inanivimba hivi?"

Larysa aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Alibonyeza kifundo kwa kidole, pakabaki shimo.

"Swali hilo lilikuwa kwenye kadi," akasema.

"Ndiyo. Inasemaje?"

"Ilikuwa kabla ya ile yenye doa la chai."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, akidhani anataniwa. "Mtoto huyu!" Larysa hakucheka. Aliendelea kulitazama lile shimo mpaka likajaa lenyewe. Akasema, "Jumatatu uende kwa daktari, Bibi," akainuka akanawa mikono.

Kisha akatoa mkobani pakiti mpya ya kadi. Muhula unaofuata ni somo la dawa. Aliandika mpaka jioni, akazikatakata pembe, kila moja kwa namna yake, akanikabidhi.

"Usizichanganye," akasema.