Kitufe Kilichojibonyeza

Bado naona aibu, lakini nitasema. Mvua ya Bukoba ilikuwa imenilegeza, nachapa barua ofisini kama ninayeelea ziwani, mara kitufe cha kufuta kikaanza kujibonyeza chenyewe. Maneno yakayeyuka kama ukungu.

Nikamwita fundi akizime kabisa. Bosi naye akaja, akinung'unikia senene wake, wale panzi wa kukaanga, waliotoweka kabatini. Alikuwa akiwashuku wanaume tu, maana mimi hujigamba kila msimu kuwa mwanamke wa Kihaya aliyelelewa kwa mila ya wanawake kutokula senene.

"Kukizima ni rahisi, mama," fundi akasema. "Ila ngoja kwanza nikibandue."

Akakibandua, akapindua kibodi. Kikadondoka kichwa cha senene, kikanikodolea macho.

Bosi naye akanigeukia.