Kopo la Kwanza

Juzi mama mkwe alimkuta binti yangu amefungulia bomba hapa uani Masuguru, anachezea maji. "Mpeleke huyu kwenu Kwaluguru," akaniambia, "akae huko mwaka mzima. Asiyejua shida ataijuaje raha?" Nikafunga bomba tu, si ni mama mkwe. Lakini hasira haijaniisha, ndiyo maana nakusimulia wewe.

Mimi shida naijua. Nilipokuwa mdogo kule Kwaluguru, kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Tulikwenda asubuhi na bibi, tukachimba shimo kwa sahani ya bati, kisha tukakaa pembeni kusubiri maji, yanatoka kama jasho. Nasikia bado harufu ya mchanga mbichi. Wanawake wanasukana, wanataniana Kizigua, mtu anatoa muhogo wa kuchoma kwenye khanga. Na desturi ilikuwa hivi: kopo la kwanza haliingii ndooni. Anapewa mtoto mdogo kuliko wote, na wakubwa, koo zimewakauka, wanamtazama anavyokunywa.

"Taratibu, mke mwenzangu, hunyang'anywi!" bibi ananiambia. Na jirani yetu anadakia, "Mwache, anatunywea sote."

Maji matamu vile sijayaonja tena. Kwa hiyo mama mkwe kasema kweli? Thubutu! Bibi alikuwa na kiu kunishinda, na alikunywa wa mwisho, yale yaliyobaki na tope. Kafa mgongo umepinda kwa ndoo. Mwalimu alituimbisha "baada ya dhiki faraja" mpaka sauti zikakauka. Sijui hiyo faraja ya bibi ilipitia njia gani. Halafu kiu nimeipata peke yangu pia, shambani, mara nyingi tu, na nilichokunywa kilikuwa maji basi. Kule mtoni nilikuwa natazamwa.

Mwanangu haendi kufundishwa kiu. Nimeshamwambia baba yake, akamwambie mama yake mwenyewe.

Jana nikajaza kopo bombani, nikamwita, nikachuchumaa mbele yake nimwangalie anywe. Akapiga mafunda mawili, mengine akamwaga miguuni.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Nikageuka, kama vile kuna mtu nyuma yangu atakayedakia. Ua mtupu. Kuta za majirani kushoto na kulia, na nyuma ya kila ukuta bomba linamwaga maji ndooni, hakuna anayeongea.